Patalo Fupi ya Papa Evode

Wasikilizaji wapendwa, popote munapotusikia, Masisi, Walikale, ao barabarani upande wa Hombo, karibuni. Leo tunamukumbuka Papa Evode Ndayambaje, mufugaji wa vilima vya juu ya Kitshanga. Alizikwa wiki iliyopita. Narudia: Papa Evode Ndayambaje, mufugaji, muuza maziwa, baba ya Umulisa.

Sitawaambia alikuwa malaika. Mama Vénantie, muke wake, amenikataza. Aliniambia hivi: "Kaka, ukisema Evode alikuwa mupole, majirani watazima redio. Sema tu vile alikuwa. Alikuwa kichwa ngumu."

Basi nitasema vile alikuwa. Na habari yenyewe iko ya patalo. Ndiyo, patalo, suruali ya mvua, ile ya kuvaa juu ya nguo ingine. Musicheke bado.

Umulisa, binti yake, aliolewa Ntoto, kule Walikale, kwa familia ya wakulima. Harusi ilikuwa nzuri, misa iliimbwa, akaenda. Kisha hapo hakuna muntu wa kwao aliyefika kumuona. Na katika familia hizi, baba anapaswa kufika walau mara moja. Anafika, anaketi, anapewa kitu cha kunywa, anaona mahali mutoto wake analala. Asipofika, maneno inaanza. Kule Ntoto maneno ilianza. Wakasema: huyu dada hana kwao.

Umulisa akatuma ujumbe kwa simu. Ulikuwa mufupi. "Papa afike. Asipofika, mimi pia sitarudia tena mulango wa kwetu."

Papa Evode aliusikia ujumbe akiwa anakamua. Alimaliza kukamua, akaingia ndani, akauliza mvua itaanza lini.

Juu ya nini mvua? Nitawaeleza. Wakati wa kiangazi Papa Evode alikuwa anahama na ngombe, anafuata majani mbali. Wakati wa mvua tu majani inakuwa karibu na nyumba, na mutoto wake Muhire anaweza kubaki na ngombe. Basi nafasi yake ya kutembea ilikuwa wakati ule ule ambao njia inaoza. Moto, pikipiki ya abiria, inakufikisha mahali, kisha motari, mwenye kuiendesha, anakuambia, Papa, hapa shuka. Hapo unabaki na miguu yako. Na miguu ya Papa Evode ilikuwa na rumatizme, ugonjwa wa viungo. Muuguzi alimwambia wazi: magoti ikilowa siku nzima, utabaki njiani. Kwa hiyo alihitaji patalo ya mvua.

Ya kwanza alinunua ile ya motari, ya plastiki nzito. Maji haipiti. Tatizo ni kwamba motari anakaa, na muntu wa miguu anapanda kilima. Papa Evode alipanda kilima. Jasho ikaanza. Alifika kwa rafiki yake mufugaji, akavua, na chini ya patalo alikuwa amelowa mupaka soksi. "Mvua imenyesha ndani," alisema. Magoti ikavimba, akarudi nyumbani.

Ya pili alitafutiwa na Guy. Guy anauza nguo zilizovaliwa, sokoni Kitshanga. Hii ilikuwa nzuri kweli. Kitambaa chepesi, kinaacha joto litoke. Mishono imefunikwa kwa ndani na utepe, maji isipite ku matundu ya sindano. Fermetire, zipu ndefu, iko pembeni ya muguu, unaweza kuivaa bila kuvua bote, viatu vya mvua. Guy alimwambia: usiongeze kitu, ifue na sabuni kidogo, anika ku kivuli.

Papa Evode akaongeza kitu.

Mama Vénantie anasimulia: "Nilimukuta nyuma ya nyumba. Iko anapaka patalo mafuta ya ngombe! Nikasema, Evode, unafanya nini? Akasema, baba yangu alikuwa anapaka ngozi mafuta, maji inateleza. Nikasema, ile ilikuwa ngozi! Akasema, na hii iko nini, si ni ngozi ya Wazungu?"

Wasikilizaji wapendwa, alitoka na patalo yenye harufu ya siagi. Imbwa wa Kitshanga wakamusindikiza. Kitambaa kiliziba, jasho ikarudi. Lakini alitembea, alivuka Masisi, akaingia msitu wa Walikale. Huko akaketi ku gogo apumuzike. Siafu wakasikia siagi. Wakapanda. Papa Evode aliruka, akavuta fermetire kwa nguvu, ikakatika, akaitupa patalo kule. Mama waliokuwa wanaenda shambani walimukuta amesimama katikati ya njia na kaputula, mvua inamumwagikia, anawatukana siafu kwa Kinyarwanda. Wakamupatia moto aote. Asubuhi wakamurudisha njia ya kwao.

Sasa mucheke. Mama Vénantie mwenyewe alicheka sana akinisimulia. Kisha akasema, "Lakini alikuwa amebakiza kidogo tu afike."

Ntoto walisikia kwamba alirudilia njiani. Maneno ikaongezeka.

Mvua iliyofuata, Papa Evode alienda sokoni mwenyewe. Guy anakumbuka. "Alimwaga maji ku kitambaa, akangoja. Akageuza, akapapasa mishono yote. Akapiga magoti chini. Kisha akaketi ku jiwe lililolowa, akakaa, akakaa. Nikamuuliza, Papa, unanunua patalo ao unanunua kiti?"

Alikuwa na sababu. Njia nzima angepita kwa wafugaji wenzake, na kila mahali angepewa maziwa. Maziwa kwao hainywewi muntu akiwa amesimama, ni kuwatakia ngombe mabaya. Basi angeketi, na patalo nyingi zinashinda mvua ukitembea, lakini ukiketi tu maji inapita matakoni.

Alipata moja iliyokubali yote. Ila ilikuwa fupi. Ilimufika chini kidogo ya magoti. Guy akamuonyesha ingine, ndefu. Papa Evode akasema, "Hapana, ni hii." Nyumbani Mama Vénantie akapiga kelele: umechagua siku nzima, unaleta patalo ya mutoto? Akaikunja tu, akaiweka. Kichwa ngumu.

Na alifika, wasikilizaji. Papa Evode alifika Ntoto. Tumusikilize Umulisa.

"Nilikuwa natwanga. Nikaona muntu anakuya, bote imejaa maji inalia chwa, chwa. Nikasema, Yesu wangu, Papa! Miguu chini ilikuwa imelowa yote. Magoti ilikuwa kavu. Akaketi mbele ya mama-mukwe wangu, akakunywa, akauliza ninalala wapi. Majirani wote waliona. Asubuhi akavua patalo, akanipimisha. Ilinikaa sawa. Nikamuuliza, Papa, na weye utavaa nini? Akasema, mie nimefika. Sina nguvu ya kufika tena. Hii nilikuchagulia weye, kwa sababu ni weye utakuya kwetu."

Alirudi bila patalo. Mvua ilimupiga njia yote. Kutoka siku hiyo hakutembea tena kupita zizi la ngombe. Muke wake alimukasirikia. Yeye alikuwa anauliza tu, mvua ikianza, "Ntoto pia inanyesha?"

Kisha wiki mbili zilizopita kifua kikamubana. Muhire akapiga simu Ntoto. Ilikuwa mvua ya kweli, moto zilikataa. Umulisa akaingiza kitenge ndani ya patalo ya baba yake, akashika njia. Kuna waliomunung'unikia, mwanamuke na patalo. Alipita.

Alimukuta hai. Akaketi ku kitanda, Mama Vénantie akamupatia maziwa. Papa Evode hakuwa anaona vizuri tena. Alinyoosha mukono, akapapasa goti la binti yake, akapapasa mushono. Akafungua fermetire pembeni, akagusa kitenge kilichokuwa ndani.

"Iko kikavu," alisema.

Alifariki kesho yake. Mimi sikumujua sana. Lakini niliposikia hiyo, nilihuzunika sana, na ninahuzunika hata sasa.

Kwa Mama Vénantie, kwa Umulisa, kwa Muhire, na kwa familia yote ya Masisi na ya Ntoto: poleni. Mungu amupumuzishe Papa Evode pahali pema. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mulango ambao wanakungojea, tafakari leo ni nini kinakuzuia, na kama iko mvua tu.

Mama Vénantie naye hajafika Ntoto hata siku moja. Ameniambia anaenda na binti yake wiki hii, mvua hii hii. Nilimuuliza atavaa nini. Akasema Guy amemuwekea patalo pembeni, na kwamba amekwisha kuiketia ku jiwe lililolowa.