Foleni Ikirefuka, Simu Hazilii

Kijiwe hiki cha Tunduma kinatazamana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na vumbi lake watu wanalinywa pamoja na kahawa. Mzee Sadoki haji pale kucheza drafti. Tangu mkewe afariki na binti yake Tulinagwe aolewe Lusaka, nyumba imekuwa kubwa mno kwake, na upweke unamuuma mchana kweupe. Leo kaomba ubao wa drafti, akapanga punje za buni juu yake. Kila punje ni wiki moja: kwenda kulia foleni inarefuka, kwenda juu simu za Tulinagwe zinaongezeka. Yesaya, mwalimu wa hesabu wanayemwita Ticha, akainama kutazama.

— Grafu ya mtawanyiko hiyo! Unaona punje zinavyoteremka kwenda kulia? Uhusiano hasi. Foleni ikirefuka, simu zinapungua.

— Si ndiyo nasema! — alijibu Sadoki. — Malori yananinyima mwanangu.

Mabula, utingo wa zamani anayeitwa Foleni, akadakia:

— Madereva wote wanapigia wake zao, mzee. Mtandao unajaa. Penye miti hapana wajenzi!

— Methali hiyo inaingiaje hapo? — aliuliza Ticha.

— Inaingia tu. Tena yale makontena ni chuma tupu. Sauti ya binti inatoka Lusaka vizuri, ikifika mpakani inagonga bati, inarudi kwao.

— Acha fiksi, Foleni. Vitu viwili kwenda pamoja si lazima kimoja kisababishe kingine.

— Basi wauhamishe mpaka! Haraka haraka haina baraka.

Wakacheka. Sadoki alicheka pia, ila jicho lake lilikuwa kwenye simu iliyolala kimya kando ya kikombe.

Hapo akaja Conjesta, muuza vitenge mgeni kijiweni, akaomba kahawa. Akautazama ubao, akaelezwa.

— Shikamoo baba. Hizi ni simu alizopiga yeye. Ulizopiga wewe ziko wapi?

Ticha akakuna kidevu.

— Mwanangu, — alisema Sadoki, — kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu. Mzazi anangoja.

— Na yeye huko akidhani umemsusa?

Sadoki akachukua simu, akabonyeza hadi jina la binti likatokea. Enzi zile mkewe ndiye aliyekuwa akipiga. Yeye alipewa simu mwishoni, aitikie shikamoo tu.

— Ticha, — alisema kwa sauti ndogo, — nikimpigia, naanza na nini?

Ticha akatazama ubao. Foleni akatazama malori. Methali hata moja haikupatikana.