Sauti ya Kishungi

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliosimama nje ya geti, ambao nitawafikia kabla sijakaa chini, nawaomba utulivu. Mimi ni shemeji yake marehemu, mdogo wa mume wake, karani mstaafu wa mahakama, na nimepewa na familia jukumu la kuwasomea historia ya maisha yake. Karatasi niliyoichapa juzi ninayo hapa, lakini nusu yake imenishinda kuisoma, kwa hiyo mkiona nainua macho na kuzungumza bila kuitazama, mjue siyo uzee, ni aibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa malori na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, ambako, kwa maelezo ya dada yake mkubwa aliyekaa hapa mbele, alilia kwa sauti ya mkwaruzo tangu siku ya kwanza, hata mkunga akadhani mtoto ana kikohozi.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza mwaka 1971, na katika kwaya ya shule mwalimu alimpanga mstari wa nyuma, akamwagiza afungue kinywa tu bila kutoa sauti, naye akatii. Alisoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, akachukua mafunzo ya uchapaji mwaka uliofuata, na tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa na kituo cha televisheni akiwa mhudumu wa mapokezi. Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na kaka yangu, mpima ardhi, aliyetangulia mwaka 2009, na wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, wa pili ambaye ni dereva wa malori kama alivyotamani babu yake, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu.

Kuhusu kazi, karatasi yangu inasema mapokezi, kisha inaruka hadi kustaafu mwaka 2012, nukta. Niliiandika hivyo kwa makusudi, kwa mkono huu huu.

Ukweli ni kwamba mwezi Juni 1984 kituo kilikuwa kikiweka sauti za Kiswahili kwenye katuni, na mwigizaji aliyetakiwa kuwa sauti ya kuku hakutokea, na fundi mitambo, aliyekuwa akimsikia marehemu akijibu simu kila asubuhi, akamwita kutoka mezani pake. Chumba kilikuwa stoo iliyobandikwa magodoro ukutani, feni ikizimwa ili isisikike, jasho likitiririka, na marehemu, kwa maelezo ya fundi huyo, hakuweza kuitoa sauti ile akiwa amesimama wima, ilibidi ainame, aweke mikono kiunoni kama mbawa, ndipo itoke. Basi ndiye aliyekuwa Kishungi, kuku aliyekuwa akitafuta mahali pa kutagia, leo ndani ya kofia ya askari wa trafiki, kesho kwenye ngoma ya bendi, kesho kutwa kwenye mizani ya muuza nyama, na kila akitua hujitikisa, hutazama kushoto na kulia, husema, "Hapa hapa panatosha," kisha hutokea mtu na fagio.

Mwaka 1986 baba yetu mzazi, mwalimu mkuu, akiwa amefungwa kitambaa shingoni kwa kinyozi, aliisikia sauti ile kwenye televisheni, akaitambua, akarudi nyumbani amenyolewa nusu kichwa. Kikao cha familia kiliketi, ikaamuliwa kwamba mkwe wa mwalimu mkuu hawezi kujulikana mji mzima kwa kulia kama kuku, aendelee kama lazima aendelee, ila jina lake lisiandikwe mwisho wa katuni, na nyumbani pasitajwe. Marehemu aliitikia, akaendelea kuwa Kishungi mpaka 1999 bila jina lake kuonekana popote. Kitinda mimba aliwahi kuwaambia wenzake darasani kwamba Kishungi ni mama yake, akaitwa mwongo, nasi watu wazima tukamwacha aitwe mwongo.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Novemba 2022, akalazwa mara kadhaa, na mara ya mwisho daktari wa wodi, mtu mzima mwenye kipara, baada ya kumsikia akiomba maji, alisimama, akamuuliza kwa adabu kama yeye ndiye aliyekuwa Kishungi. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Marehemu hakumtazama daktari, alinitazama mimi, mgonjwa wa miaka sitini na sita akiomba ruhusa, nami nikakohoa na kugeukia dirishani, ndipo akamjibu daktari kwamba hapana, baba, mimi nilikuwa mapokezi tu. Alifariki siku iliyofuata, tarehe 9 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Fundi mitambo alipopata habari alizituma kwenye simu, na jana wakaja watu nisiowajua, wameshika kuku wadogo wa karatasi ya njano, nami nikatoka getini nikawafukuza, nikidhani wametuletea mzaha msibani. Mama mmoja kabla hajaondoka alinieleza kwamba utotoni walihamahama vyumba vya kupanga, na kila mama yao alipotua godoro chini alisema kama Kishungi, nao wakacheka, wakalala. Nilifunga komeo, na nimekuja kugundua baadaye kwamba nilikuwa na fagio mkononi.

Nimejiuliza kwa nini watu wenye vipara na wajukuu wamlilie kuku wa katuni, wakati katuni za mashujaa wenye nguvu zilikuwa tele. Nadhani ni kwa sababu Kishungi hakuwahi kulipiza, wala hakunywea, alikusanya manyoya yake akaenda kutafuta kwingine, na wiki iliyofuata alikuja mchangamfu vile vile. Marehemu aliishi hivyo mezani petu, na sisi hatukumwona.

Kwa niaba ya familia nawashukuru wauguzi, majirani mliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake mliotunza siri ambayo hamkupaswa kuombwa. Fundi mitambo, asante kwa kuisikia sauti ile kabla yetu. Daktari, nakuona pale nyuma, uliuliza ukajibiwa hapana, jibu sahihi ni ndiyo, alikuwa yeye. Kitinda mimba, mwanangu, hukusema uongo. Mlinzi, fungua geti lote, na ninyi mlioko nje ingieni na kuku wenu, mkae huku mbele, nasi wa ukoo tutasimama.

Shemeji, ulikaa kwetu miaka arobaini na mitatu, na hatukukuachia mahali pa kutua na sauti yako. Leo jina lako na la Kishungi yatasomwa pamoja juu ya kaburi, na hakuna mwenye fagio. Pumzika kwa amani, mama, hapa hapa panatosha.