Mwalimu Asiyejibu

Nelvine alikuwa amefumba macho tangu basi litoke Kericho, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele, mama mzee Chepngeno alikuwa akimhoji kijana Ratemo, aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa tuisheni.

"Uchumi na sayansi pamoja? Mshika mbili moja humponyoka."

"Uchumi nilisomea chuo, kogo," akajibu Ratemo, akimwita nyanya kwa Kikalenjin. "Kemia ilinishika nikifanya kazi kiwanda cha chai, nikiona jani la kijani likigeuka jeusi. Nikaanza kujiuliza maswali."

"Ala, kumbe ni wewe! Mtoto wa jirani yangu anasema akikuuliza kitu, unamrudishia swali. Nilitaka kukuletea mjukuu wangu, lakini sasa mimi nilipe, halafu mtoto ndiye akufunze?"

Ratemo akauliza, "Kogo, mbona maziwa ya sufuria yanaharibika haraka, na mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, inakaa?"

Nelvine akafumbua jicho moja. Chepngeno alimweleza kijana kwa huruma, kama anayemlisha mgeni: unachemsha maziwa, unapoza, unasugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo unamimina. "Umesoma mpaka chuo na hujui maziwa!"

"Na huo mkaa unafanya nini humo ndani?"

Mashamba ya chai yakapita, moja baada ya jingine, mama akisugua kiganja kwa kidole kama anayesugua kibuyu.

Basi liliposimama Chepseon, kondakta alimhimiza mama mara mbili ashuke. Mlangoni akageuka. Ratemo akavuta pumzi, tayari kumweleza.

"Wewe! Usiniambie," akasema Chepngeno, akashuka.