Gari la Asukile Juu ya Mawe

Kijiwe cha Igawilo kilikuwa na benchi moja tu, ubao wa sanduku la majani ya chai uliopigiliwa juu ya visiki viwili, na benchi hilo lilijua siri za nyumba za watu kuliko mchungaji. Lilikaa kando ya barabara ya Tukuyu, likitazamana na ua wa mzee Asukile. Mwenye kahawa alikuwa Fanueli, wakamwita Birika. Mkewe alisema angepokea yeye nusu ya mapenzi yanayokwenda kwa lile birika, angekuwa amenenepa. Kulia kwake alikaa Jailos Spana, aliyepata jina kwa kuosha magari ya wachimba dhahabu kule Chunya, ingawa akisimulia utadhani aliyaunda yeye. Kushoto alikaa Silvester, Mhehe aliyeteremka kwenye basi bovu mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya bati vyenye picha ya Malkia wa Uingereza. Alisema anasubiri basi litengenezwe. Basi likatengenezwa, likaondoka, yeye akabaki, na mjane mmoja wa hapo anajua kwa nini. Huyo walimwita Kwetu Iringa, maana hakujua kuanza maneno kwa namna nyingine.

Asubuhi hiyo walilibeba benchi na birika na jiko lake, wakavuka navyo barabara mpaka uani kwa Asukile, kwa sababu siku hiyo Asukile alikuwa anabadilisha tairi za gari lake mwenyewe, nyumbani kwake, na jambo kama hilo halitazamwi kwa mbali.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani, mzee kama mwenyewe. Asukile alilinunua kwa sababu moja. Mwanawe Anyitike alikuwa Rhodesia, kwenye migodi ya shaba, na mke wa Anyitike, Tupokigwe, alikuwa na mimba ya pili. Uchungu wa ile ya kwanza ulimkuta wakati wa masika. Mto ulikuwa umebeba kidaraja cha kwenda hospitali, ikabidi wambebe kwa machela kuzunguka njia ndefu ya Uyole, wabebaji wakiteleza kwenye tope, na mtoto akazaliwa njiani hana pumzi. Asukile alisimama kanisani akaapa kwamba mtu wa nyumba yake hatabebwa tena mabegani kama maiti.

Tatizo lilikuwa moja, nalo kila Mnyakyusa analijua. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Humkimbia. Akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani. Jina lake halitamki, na mahali alipo yeye hacheki wala haguni kwa maumivu. Mchungaji alishasema mambo hayo yaachwe. Tupokigwe hakuyaacha, na Asukile hakuwahi kumwomba ayaache. Tangu alipoolewa, alichokijua mzee cha mkamwana wake ni kisigino kikipotelea migombani. Kwa hiyo aliliandaa gari kwa adabu: Tupokigwe atalala nyuma chini ya turubai pamoja na mama mkwe wake, yeye atakuwa mbele kwenye usukani, na kile kioo kidogo cha nyuma alikipaka rangi nyeusi mwenyewe, mara mbili, mpaka hata jua halipenyi.

Zilibaki tairi. Zile za gari zilikuwa vipara kama kichwa cha mfiwa. Nyingine nzuri alikuwa nazo chini ya kitanda, alizoachiwa na Mzungu mmoja wa shamba la kahawa alipokuwa anarudi Ulaya. Mkewe, Mama Anyitike, alipomwambia kwamba ni leo au kesho, Asukile akataka kwenda mjini kwa fundi. Ni Jailos aliyemzuia.

— Kupeleka gari kwa fundi wa mjini, mzee, ni kama kumpa jirani mkeo amkande mgongo. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani.

— Tuanze na moja, basi.

— Moja? Ukivua kiatu kimoja utachechemea. Vua vyote.

Jeki haikuwepo. Fanueli akakumbuka kwamba kanisani kuna miti miwili mirefu, mikavu, mizuri, akaenda akaileta begani. Asukile aliitambua mara moja. Ilikuwa ile ya machela. Moyoni alifurahi kidogo, kwamba miti iliyombeba mkamwana wake kwenye matope leo itabeba gari lake. Wakaisukuma chini ya pikapu, wakainua kona moja, wakatia jiwe, wakahamia kona nyingine. Ilipofika kona ya mwisho na jiwe zuri limekosekana, Fanueli, mwenye akiba ya methali zisizo na mwenyewe, akaokota jiwe dogo la pembeni na kulisukumiza ndani, miti ikaachwa hapo hapo kulisaidia.

— Asiye na mwana aeleke jiwe.

Benchi zima likamtazama. Yeye mwenyewe akaliona alilolisema, akainama kuchochea jiko. Asukile aliendelea kufungua nati.

Nati ya mwisho ilikuwa imedondoka ndani ya debe wakati Mama Anyitike alipotokea kwenye pembe ya nyumba.

— Baba Anyitike, imeanza.

Gari lilikuwa juu ya mawe, halina mguu hata mmoja.

Asukile alisema haitachukua muda. Jailos naye akasema haitachukua muda, na Mama Anyitike akawatazama wote wawili kama mtu anayetazama nguo iliyochanika asijue aanzie wapi kushona. Akarudi ndani.

Tairi la kwanza likakataa kuingia kwenye rimu. Walilisukuma kwa mipini ya majembe, walilikanyaga, Silvester alilipanda akaruka juu yake. Upande mmoja ukiingia, mwingine unachomoka.

— Ni baridi, akasema Jailos. — Mpira ni kama mtu. Baridi ya hapa imeukaza. Unataka kuota moto.

Wakalisogeza kwenye jiko la Fanueli, kahawa ikanuka mpira. Lilipopata moto likalainika, likaingia, na wote wakampa Jailos mkono. La pili nalo likaingia hivyo hivyo, lakini jua lilikuwa limeshapanda, na la tatu likakataa hata kwa moto.

— Hili mmekosea, akasema Fanueli. — Tairi zina dume na jike. Hamuoni? Dume linakaa kulia, jike kushoto. Mmemleta jike kwa dume mwenzie... yaani jike kwa jike. Linaona haya.

— Dume utalijuaje?

— Lina kucha ndefu.

Wakageuza, wakalinganisha kucha, yale meno ya mpira. Wakapoteza muda mrefu kubishana lipi ni lipi, na Asukile akasimama katikati yao akiwa ameshika nyundo, masikio yake yako ukutani. Ndani kulikuwa kimya. Alijua ni kwa nini. Yeye alikuwa uani, na Tupokigwe anajua yuko uani, kwa hiyo anaubana uchungu wake kwa meno. Aliwaza kuondoka, aende hata mpaka kwenye mibuni yake, ili mwanamke apate walau nafasi ya kulia. Lakini akiondoka nani atafunga magurudumu? Akabaki. Aliukaza mdomo wake naye, kana kwamba ingesaidia.

— Kwetu Iringa, akaanza Silvester.

— Tulikuwa tunakusubiri.

— Kwetu Iringa kulikuwa na gari la Mjerumani. Vita vilipokwisha likakataa tairi kabisa. Kila ukilivika linavua. Mpaka likaimbiwa wimbo wa Kijerumani.

— Likaimbiwa na nani?

— Na mjomba wangu.

— Mjomba wako alijua Kijerumani?

— Alichapwa kwa Kijerumani.

Jailos akacheka mpaka akamwaga kahawa. Halafu, kwa vile hakuna aliyekuwa na la maana, wakaanza kulichukua lile neno kwa uzito. Tairi hizi zilimzoea Mzungu wake, akasema Silvester, na yule aliondoka bila kuziaga. Kitu kilichoachwa bila kuagwa hakikubali mwenye nyumba mpya, na hata huyo mjane wake alikuwa hivyo hivyo miezi ya kwanza. Fanueli akakubali. Ilibaki kujua ni nini cha kuimba.

Mama Anyitike akatokea tena. Safari hii alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono imelowa.

— Bado?

— Bado kidogo, akasema Asukile.

— Amenituma nikuulize. Yeye mwenyewe. Anasema, muulize baba kama bado sana.

 Tangu aolewe, hilo lilikuwa neno la kwanza Tupokigwe kumpelekea. Fanueli ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

— Mwambie haraka haraka haina baraka.

Mama Anyitike alimtazama Fanueli, akatazama birika lake, akaondoka. Aliondoka polepole, na hilo lilimwogopesha Asukile kuliko angekimbia.

Wakalivamia tairi la tatu kwa hasira, likaingia, wakayafunga magurudumu matatu. Hawakujua ni moto, ni dume, au ni kuogopa. Kwa la nne ilibaki tyubu moja tu, na Asukile aliwaambia waende taratibu. Waliingiza upande mmoja. Jailos akapachika mpini wa jembe upande wa pili, akaukandamiza kwa uzito wake wote, na kitu kikafanya sss, sauti ndogo, kama nyoka anayejiondokea. Hakuna aliyemlaumu. Jailos alikaa chini mwenyewe.

— Kulikuwa na viraka Chunya, akasema kwa sauti ya chini. — Viraka na solusheni.

— Chunya ni mbali, akasema Asukile.

Ndipo wakaanza kulijaza tairi majani makavu ya mgomba. Silvester aliyavuna, Fanueli aliyasokota, Jailos aliyashindilia kwa kisigino. Walisema litakwenda. Walisema limekuwa gumu kuliko lenye upepo, na kwamba watu wa mjini wakiona watakuja kujifunza. Asukile naye alishindilia, akiwa amepiga magoti, na vumbi la majani lilimwingia machoni, na alishukuru kwa ajili ya vumbi hilo.

Wakiwa kwenye hali hiyo, akafika mwanamke mmoja na kapu kichwani. Alikuwa Matilda, wa Ubaruku, anayezunguka akiuza mchele. Alitua kapu, akawaamkia, akaomba kahawa, akainywa kwa kikombe cha Fanueli, kimoja cha vile vya Malkia, huku anawatazama wanaume wanne walioloa jasho wakilisha tairi majani.

— Safari ya wapi?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Mkamwana wa mzee, uchungu, hospitali ya misheni, tairi, tyubu.

— Hospitali ya misheni hii ya ng'ambo?

— Hiyo hiyo.

— Nimetoka huko sasa hivi, jikoni kwao, nimewapelekea mchele. Nimevuka kidaraja cha magogo. Harufu ya kahawa hii nimeanza kuisikia nikiwa bado ng'ambo.

— Kidaraja hakipitishi gari, akamfahamisha Jailos. — Gari linazungukia Uyole.

Matilda akaitikia kwa kichwa. Akainama kurudisha kikombe, na akiwa ameinama akaona chini ya pikapu, ile kona isiyo na gurudumu, miti miwili iliyolishikilia gari. Akaushika mmoja, akapitisha kiganja pale mwisho, palipolainishwa na mabega ya watu.

— Si machela hii?

Akainuka, akajifuta viganja.

— Kama machela mnayo, na hospitali ndiyo ile, gari mnalitengenezea nini?

Fanueli alifungua mdomo kutafuta methali, akakosa. Silvester akatazama barabarani, upande wa Iringa. Jailos akaushika mpini wa jembe, akauweka chini tena. Asukile alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku ile kanisani: matope, mto, mtoto asiye na pumzi, kiapo. Lakini ilikuwa kiangazi, barabara imekauka mpaka inapasuka, na jibu lake lilikuwa la masika.

Mlango ukafunguka. Mama Anyitike akaita, si kwa nguvu.

— Leteni hiyo miti. Na wewe Baba Anyitike, geuka.

Asukile akageuka, uso kwenye migomba. Akawasikia wakiichomoa miti, na gari lake likipiga goti chini, na debe la nati likimwagika. Akasikia turubai likifungwa kwenye miti. Akasikia miguu ya watu wanne wanaobeba, na wa nne alikuwa Matilda, kwa maana hatua yake ilikuwa nyepesi. Walipita nyuma yake, karibu, ungeweza kunyoosha mkono ukagusa.

Alisikiliza apate kusikia mguno, pumzi, chochote. Hakusikia kitu. Mkamwana haguni mbele ya baba mkwe wake. Tupokigwe alikuwa na adabu siku zote. Asukile alisimama pale akitazama majani ya mgomba, asijue kama kimya kile ni cha adabu, na hakuruhusiwa kugeuka aone.