Mwalimu Nasambu na Kompyuta Zake za Mtumba

Tarehe 30 Novemba 2007, Mwalimu Pauline Nasambu Wekoye anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na minane. Alianzia Kitale mwaka 1979 akifundisha kupiga taipu. Tawi la Bungoma lilipofunguliwa alihamishiwa huku, na wengi wetu ndipo tulipomfahamu.

Kompyuta zilipoingia, walimu kadhaa wa taipu waliona heri waache kazi. Yeye alirudi kuwa mwanafunzi. Kila Jumamosi alikwenda Kitale kwa Bwana Ladan, fundi aliyeuza kompyuta za mtumba, akajifunza kuzifungua, kuzipangusa vumbi na kuziamsha zilizokwisha kukatiwa tamaa. Alizinunua moja moja, akizileta Bungoma kwa lori la shemeji yake, zimeviringishwa blanketi kati ya magunia ya kabichi. Shemeji hulalamika hadi leo kwamba kabichi hazikuwahi kubembelezwa namna hiyo.

Mwanzoni alijaribu kuweka mifumo miwili, Windows na Linux, ndani ya mashine moja. Asubuhi moja mashine hiyo ikakataa kuwaka, na kazi ya darasa zima ikapotea. Mwalimu Nasambu alisimama mbele ya wanafunzi akawaambia ukweli, kisha akaketi nao akiwasomea rasimu zao huku wakipiga upya. Tangu siku hiyo kila mfumo ukapata mashine yake: moja ya Windows 98, nyingine ya XP, nyingine ya Linux. Wanafunzi walizunguka zote kwa zamu. Aliamini kwamba mwajiri hakuulizi ulisomea mashine gani. Anakuketisha mbele ya aliyo nayo.

Chumba kikajaa. Nyaya zilitambaa sakafuni kama marando ya viazi vitamu, na mkuu wetu, Bwana Kimaiyo, akachoka kuziruka.

“Mwalimu, hii ni maabara ama ni duka la vyuma?” aliuliza siku moja. “Si tuuze hizi zote tununue moja mpya?”

“Hii ni boma ya wake watatu, Bwana Mkuu,” Mwalimu akajibu. “Ukiwapikisha jiko moja, wewe ndiye utalala njaa.”

Bwana Kimaiyo alicheka, lakini hakubadili nia. Alitaka mashine za zamani ziondoke muhula ukiisha, na Mwalimu, kwa heshima, akakubali. Sisi wa ofisini tuliona jinsi alivyozipangusa wiki hizo, polepole, kama mtu anayemwandaa mgeni kwa safari.

Kabla muhula haujaisha, Oktoba 2006, kirusi kiliingia chuoni kupitia flashi diski. Kazi za mtihani zilikuwa zitumwe Ijumaa hiyo. Katika mashine za Windows folda zote zikatoweka, hata zile zilizokuwa ndani ya flashi za wanafunzi. Cherop, mwanafunzi mwenye mtoto mchanga, ambaye alikuwa akirudia kozi kwa mara ya pili, aliketi ngazini akalia.

“Mwalimu, mimi narudi nyumbani,” alisema. “Sina nguvu ya kuanza tena.”

“Utarudi, lakini si leo. Lete hiyo flashi.”

Aliichomeka kwenye mashine ya Linux, ile kuukuu kuliko zote. Kirusi kile hakikuwa na uwezo wowote humo. Folda zikajitokeza moja baada ya nyingine. Kumbe hazikufutwa, zilikuwa zimefichwa tu. Cherop alisogea karibu na kioo akasoma jina lake mara mbili. Mwalimu alizinakili kazi za darasa lote, na Bwana Kimaiyo mwenyewe akashika zamu ya kutia karatasi kwenye printa. Zikatumwa Ijumaa.

Hakuna aliyetaja tena habari za kuuza. Muhula uliofuata Bwana Kimaiyo aliita seremala atengeneze meza ndefu, na nyaya zikapata njia yake chini ya mbao. Cherop alifaulu, sasa anafanya kazi ya ukarani Lugulu, na leo amekuja na mtoto wake, ambaye tayari anatembea.

Mwalimu Nasambu anakwenda kulima shamba lake huko Ndalu. Tulipomuuliza kama hatachoshwa na ukimya wa shamba, alisema, “Nimesikia feni za kompyuta miaka mingi. Acha nisikie ndege kidogo.”

Asante, Mwalimu, kwa uvumilivu wako, na kwa kutokumwacha mtu ngazini. Mahindi yako yastawi, magoti yasikuume, na wajukuu wakujie kila likizo. Nenda salama. Siku ukipita Bungoma, usibishe hodi. Ingia tu, chai itakuwa mezani.

Leila Abdinasir, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako