Ermes Zaghi, Mtoaji wa Beringi

Tarehe 31 Mei 1997 Bwana Ermes Zaghi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya baiskeli ya ushirika wetu hapa Ferrara, Italia. Aliingia mwaka 1959 akiwa na nywele. Mimi Oriello nilimtangulia kwa miezi minne, kwa hiyo ni mdogo wangu kikazi, ingawa hajawahi kukubali.

Sifa yake kubwa ni kutoa beringi zilizokwisha. Sote hapa tunatoa beringi. Ermes anatoa beringi na fremu inabaki nzima. Vikombe vya beringi za usukani huving'oa kwa bomba alilolichonga kutoka mguu wa kitanda cha mkwewe: gonga kidogo huku, kidogo kule, mpaka kikombe kitoke kimenyooka. Mkwewe alilala chini wiki mbili.

Machi mwaka jana Bi. Nives Guidetti alileta baiskeli ya marehemu mumewe, aliyefyatua matofali Uingereza miaka sita akarudi nayo. Kwenye ekseli ya pedeli ilikuwa inasaga kama kinu. Mwanawe alishamwambia kwamba isipotengenezeka, Jumamosi inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama wa watu hakuwa na usafiri mwingine, wala hakuutaka.

Niliipokea mimi. Nikavuta spana kushoto kufungua kikombe cha beringi, kama anavyovuta kila fundi aliyezaliwa bonde hili la mto Po. Wapi. Nikachomeka bomba kwenye spana kuongeza urefu, nikamwita fundi mwenzetu Vainer naye akaning'inia. Meno ya kikombe yakaliwa, fremu ikaanza kulalamika, Bi. Nives akaukumbatia mkoba wake. Nikanyanyua nyundo.

Hapo Ermes akatoka chooni, gazeti kwapani.

"Weka nyundo chini, mzee mzima," akasema. "Hii ni ya Kiingereza, upande wa mnyororo inafunguka kulia. Nusu saa nzima mnaikaza, mapunda wawili."

Akadondosha mafuta kwenye hesi, ile mikato ya kikombe kama ya skrubu, akatuamuru twende tukale yakipenya, na yeye mwenyewe akamchukua Bi. Nives tukaenda naye. Tuliporudi akakibana kikombe kwenye jiriwa, akaishika fremu nzima kwa mikono miwili kama usukani wa lori, akaizungusha taratibu. Kikombe kikalia kwii, kikaachia. Hesi za fremu zilikuwa salama, hakuna hata moja iliyokwaruzika.

Akatia beringi mpya. Bi. Nives akauliza kama anaweza kuipanda palepale. Ermes akamwambia apande tu, ila asimsikilize tena mwanawe, wala mimi. Bi. Nives akaipanda akaondoka, na baiskeli haikusaga tena.

Tangu siku ile sishiki spana kabla ya kumuuliza Ermes fremu imezaliwa wapi. Kuanzia Juni sijui nitamuuliza nani, maana Vainer anajua kuning'inia tu.

Asante, Ermes, kwa fremu zote ulizotuokolea kutoka mikononi mwetu wenyewe. Lala mpaka jua lipande, kunywa mvinyo wako polepole, uishi miaka mingi yenye afya. Simu tu usiizime.