Maji ya Joachim

MARSIANA: Haloo? Nani mwenzangu?

ELINEEMA: Mimi mumeo, Mama Kristina. Simu ya mwenzangu Egidius hii, yangu imezima chaji.

MARSIANA: Ah, mume wangu. Pole na kukata miwa.

ELINEEMA: Tumeshaizoea. Mtoto?

MARSIANA: Amelala. Leo kala uji, kamaliza kibakuli.

ELINEEMA: Uji umepika na maji gani?

MARSIANA: Ya chupa. Si hayo unayotuma?

ELINEEMA: Katoni umeziweka wapi?

MARSIANA: Nje, chini ya dirisha. Ndani hapatoshi.

ELINEEMA: Jua linazipiga?

MARSIANA: Hapa kwetu Katindiuka, jua lisipige wapi? Kwani vipi?

ELINEEMA: Leo zahanati ya huku shambani walikuja wataalamu wa maji. Wanasema kwenye chupa mna vipande vya plas—

MARSIANA: Vya nini? Unakatika.

ELINEEMA: Plastiki. Vidogo, jicho halivioni. Chupa ikikaa juani ndiyo vinazidi.

MARSIANA: Vinafanya nini tumboni?

ELINEEMA: Nimewauliza. Wanasema bado wanachunguza.

MARSIANA: Na wao wanakunywa nini?

ELINEEMA: Walikuwa na chupa mezani.

MARSIANA: [anacheka kidogo, kisha vyombo vinagongana]

ELINEEMA: Upo?

MARSIANA: Nipo. Nimechoka tu, baba. Sasa nimpe nini huyu?

ELINEEMA: Nilikuwa nafikiria... kisima.

MARSIANA: Kisima cha kwa jirani Venance?

ELINEEMA: Ukichemsha—

MARSIANA: Elineema. Wewe mwenyewe ulisema, siku tunatoka makaburini kumzika mwanetu Joachim, mtoto wetu hatayagusa tena maji yale.

ELINEEMA: Nilisema.

MARSIANA: Sikukubishia.

ELINEEMA: Yalikuwa mafuriko, Marsiana. Mto Lumemo ulikuwa umeingia kisimani, vyoo vimejaa. Na kuni zote zilikuwa zimelowa. Ungechemshia nini?

MARSIANA: Mama yako hasemi hivyo. Anasema ni mimi sikuchemsha.

ELINEEMA: Mama nitaongea naye.

MARSIANA: Miaka miwili hii hujawahi kuniambia hilo la kuni.

ELINEEMA: Nilidhani unajua.

MARSIANA: Ningejuaje? Ulikuwa unaleta maji ya chupa, huongei. Nikasema, basi, haniamini tena na sufuria.

ELINEEMA: Hapana. Mimi nilikuwa naogopa kisima. Si wewe.

MARSIANA: [mtandao unakwaruza] Rudia.

ELINEEMA: Nimesema si wewe.

MARSIANA: Nimesikia. Nilitaka tu urudie.

ELINEEMA: Jumapili nakuja. Nitachota mwenyewe, nitachemsha mwenyewe.

MARSIANA: Na mpaka Jumapili mtoto asinywe? Ngoja... nimebandika.

ELINEEMA: Umebandika nini?

MARSIANA: Sufuria. Ya kisima. Ndoo ilikuwepo, ya kuoshea vyombo. Nimeyachuja kwa kitambaa.

ELINEEMA: Unaogopa?

MARSIANA: Umejuaje?

ELINEEMA: Nasikia mfuniko unavyogonga.

MARSIANA: Usikate basi. Kaa hapo mpaka yachemke.

ELINEEMA: Salio la watu hili, Egidius ananitazama.

MARSIANA: Mwambie dakika chache.

ELINEEMA: ...Ameniachia. Moto unawaka?

MARSIANA: Unawaka. Kuni za mkaratusi, kavu.

ELINEEMA: Yaache yatokote hasa.

MARSIANA: Nayatazama. Ongea na wewe, usinyamaze.

ELINEEMA: Niongee nini?

MARSIANA: Chochote. Niambie mmekula nini.

ELINEEMA: Ugali na dagaa. Dagaa wenyewe walikuwa na mchanga, mwenzetu Hermenegildi kala huku anatema—

[Simu inakatika.]

MARSIANA: Haloo? ...Haya. Yameanza kuchemka.